Wastani Hausimami kwenye Foleni

Wewe unayenisikiliza, sijui uko upande gani wa kazi hii. Huenda unaandika programu kila siku, huenda hujawahi kugusa kompyuta ila simu yako tu. Haidhuru. Nitakwenda taratibu, na ukipotea njiani kosa litakuwa langu, si lako. Ninataka kukusimulia mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa na miaka ishirini na minne, nikifanya kazi hapa Bunia, mashariki ya Kongo, katika ofisi iliyotafuta watu waliopotezana kwa sababu ya vita. Ndio mwaka nilipohesabu kwa kalamu kitu ambacho wakubwa wangu walisema hakihesabiki, na ndio mwaka nilipojifunza kumwambia mkubwa hapana.

Kilichonirudisha huko ni msiba. Wiki iliyopita tulimzika Papa Kambale, mtu wa Butembo aliyekuja Bunia zamani kuuza vipuri vya pikipiki, na baadaye akawa mlinzi na fundi wa grupu, ile jenereta ya umeme, pale ofisini kwetu. Kilio kilikuwa nyumbani kwake katika mtaa wa Lumumba: shitingi, lile turubai la bluu, imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, viti vya plastiki vya kukodi, wanawake wanakoroga sombe ya majani ya muhogo nyuma ya nyumba na kubishana kuhusu chumvi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya maziwa niliposikia sauti nyuma yangu. "Zawadi! Weye ungali unahesabu na biki?" Nikageuka. Alikuwa Didier, aliyekuwa shefu wangu wa informatique, yaani wa kompyuta, mwaka ule, sasa amenenepa, na mvi zimempendeza kuliko alivyostahili. Tulikumbatiana. Msiba hauna uhasama. Lakini alipokaa, kabla hata hajashika mkate, akaanza tena pale pale tulipoachia. "Leo masini iko mbio, ndeko. Ile mambo yako ya kuhesabu mbele ilishakufa. Mutu anajaribu tu, ikikataa anajaribu ingine." Nikamwambia, "Masini imekuwa mbio, ni kweli. Na watu wa vijiji vya Djugu wamekimbia tena, kambi zimejaa tena, na foleni imekuwa ndefu kuliko ile yetu. Ukijaribu-jaribu, nani anangoja jua likimpiga?" Akacheka, akauvuta mkate.

Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Nyakasanza, katika jengo lililokuwa depo la kahawa. Mvua ikinyesha, kuta zilitoa harufu ya maganda ya kahawa kana kwamba magunia bado yamo. Mbele kulikuwa na madirisha matatu, tuliyoyaita gishe, na mbele ya madirisha benchi, na mbele ya benchi foleni iliyofika barabarani. Chumba cha zamani cha kupimia magunia ndicho kilichokuwa cha mashine kubwa, ile iliyohifadhi majina ya wote walioandikishwa kambini na kwenye familia zilizowapokea. Mtu alikuja, akasema anamtafuta nani, karani akaandika swali, mashine ikatafuta. Umeme wa mji haukuwepo, kwa hiyo tulitegemea grupu ya Papa Kambale, na grupu ilipewa mafuta ya saa tatu kwa siku. Papa Kambale aliweka birika juu ya grupu ili, kama alivyosema, joto lisiende bure, na saa nne kamili alitupitishia chai yenye ladha ya mbali ya mazutu, yaani dizeli, pamoja na mikate ya kukaanga. Mchana, umeme ukishakatika, tulikula bugali na samaki wakavu wa Tchomia, kando ya ziwa, kwenye meza ya kupangia faili, tukisukuma makaratasi pembeni kwa viwiko. Pale mezani ndipo nilipojifunza zaidi kuliko chuoni, maana pale watu walisema ukweli.

Sasa nisikilize vizuri kidogo, hapa ndipo kiini kilipo, na si kigumu. Fikiria chumba chenye rafu ndefu zilizojaa faili, faili moja kwa kila mtu, zimepangwa kwa jinsi watu walivyofika. Ukimtafuta mtu mmoja, utafungua zote. Kwa hiyo unatengeneza sanduku la kadi ndogo zilizopangwa kwa majina, na kila kadi inasema: faili yake iko rafu fulani. Sanduku hilo ndilo faharasa. Pale kazini tulisema indeksi. Kusoma kadi zinazofuatana sandukuni ni kazi ya vidole tu. Kuinuka kitini, kwenda hadi rafuni na kurudi, hiyo ndiyo kazi inayochosha. Mashine yetu ilikuwa na diski ya kuzunguka, na ilichoka vilevile: kusoma vinavyofuatana haikuhisi kitu, lakini kila mara iliporuka kwenda mahali pengine pa diski ilipoteza kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Ukijua hilo tu, unaweza kukaa chini ya mti wowote na karatasi, bila umeme, ukajua swali litachukua muda gani kabla hujaliuliza. Hesabu miruko, gawa kwa mia, umepata sekunde. Si kamili. Lakini inakuambia kama mtu atangoja kupepesa jicho au atangoja kukata tamaa.

Shefu Didier alikuwa mtu mwenye akili, usidhani nakuchorea mjinga. Alikuwa amesomea Kinshasa, alivaa shati lililopigwa pasi hata Jumamosi, na alijua amri za mashine kwa kichwa kama padri anavyojua misa. Faharasa aliyoijenga ilipangwa kwa nom, yaani jina kuu, halafu postnom, jina la pili, halafu prénom, jina la ubatizo, kama fomu za serikali zinavyotaka. Kwa vitabu alikuwa sahihi. Ila watu wetu wengi walitoka Djugu, na huko majina machache yanazungushwa katika koo nyingi. Ngabu peke yao, nilipowahesabu, walikuwa karibu elfu nne. Tena hakuna mke anayemwita mumewe kwa postnom yake ya kwenye fomu. Mtu akifika dirishani alisema: namtafuta Ngabu wa kijiji fulani, ana umri kama huu. Kijiji hakikuwa kwenye kadi. Kwa hiyo mashine ilishika kadi ya kila Ngabu, ikainuka kitini, ikaenda rafuni kutazama kijiji, ikarudi, mara elfu nne. Gawa kwa mia mwenyewe. Sekunde arobaini, na hapo dirisha moja tu ndilo linalouliza. Yakiuliza yote matatu yanagombania diski moja. Na programu, ili isikwame, ilikuwa imeagizwa kukata swali lolote lililozidi nusu dakika.

Hayo yote sikuyajua mwanzoni. Niliyajua wiki ile karani wa gishe ya pili alipougua malaria nikawekwa mahali pake. Siku ya pili alikuja mama mmoja mwembamba, kitenge cha kijani, mgongo umenyooka. Nilimwita Mama Lotsove kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu aliyonisukumia, fomu iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo ilikuwa karibu kukatika. Alimtafuta mumewe. "Ngabu, wa Fataki," akasema, akitaja kijiji chao. "Umri wake?" "Alizaliwa mbele yangu, miaka tatu ao ine." Nikaandika. Mashine ikafikiri, ikafikiri. Kisha ukaja ujumbe mfupi wa Kifaransa kwamba muda umepita, na skrini ikajisafisha. Nikageuka kumuuliza karani wa gishe ya kwanza nifanye nini. Alikuwa anakula mkate, hakunitazama. "Piga muhuri." "Muhuri gani?" "Fomu iko na visanduku viwili tu, Zawadi. Anapatikana, hapatikani. Unaona jibu? Huoni. Basi hapatikani." Nikaitazama ile fomu. Ilikuwa na mihuri mitano ya hapatikani, mmoja chini ya mwingine.

Mama Lotsove aliona mkono wangu umesimama hewani na muhuri. "Piga, mutoto yangu, nilishazoea," akasema. "Hii ni mara ya sita. Munaniambiaka haiko, haiko. Bwana yangu iko mutu muzima, iko na kichwa kikubwa hivi, haiko sindano. Anapotea namna gani mu masini?" Watu nyuma yake wakacheka, naye akacheka pia, kicheko kifupi. Sikupiga muhuri. Nikamwambia, "Mama, masini haikusema hayuko. Masini ilichoka." Akaichukua fomu yake, akaikunja. "Basi iambie ipumzike," akasema, "mimi nitarudi juma ingine."

Mchana ule, kwenye meza ya faili, nilieleza nilichokiona. Shefu Didier hakukasirika. Alifuta samaki kwenye vidole, akasema mashine ni dhaifu, inatakiwa mpya, barua ishaandikwa. Wakati tukingoja, angeongeza faharasa nyingine, ya kijiji. "Tujaribu tuone." Hilo neno, tujaribu tuone, ndilo lililonichoma, na nitakueleza sababu. Kujenga faharasa mpya kwenye mashine ile kulikula sehemu kubwa ya saa tatu za umeme. Siku ya kujaribu ilikuwa siku ambayo gishe zimefungwa. Alijaribu ya kijiji: Jumatano ikapotea, na Alhamisi tukakuta haisaidii, maana waliotoka Fataki nao walikuwa maelfu, na mashine ikawa inaruka kumtazama kila mmoja jina. Akajaribu ya mwaka wa kuzaliwa: siku nyingine ikapotea, na foleni ikalala nje ya lango. Papa Kambale alisimama mlangoni na kitambaa chake chenye grisi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi siwashake grupu bila kujua mafuta itanifikisha saa ngapi. Nyinyi ma-informaticien munawasha, halafu munauliza njia." Didier akamjibu, "Muzee, kila mutu na kazi yake." "Ndiyo," akasema Kambale, "na ya watu wa inje ni kungoja?"

Nilikuwa ninaogopa, ujue hivyo. Nilikuwa msichana wa mwisho kuajiriwa, na mkurugenzi wetu, mzee mpole aliyependa kila kitu kimalizike kabla ya chakula, alikuwa tayari amesema gishe zinaleta kelele kuliko faida. Alitaka kuzifunga, maombi yaje kwa barua, na ofisi ijibu kwa barua kila mwisho wa mwezi. Wengi waliosimama kwenye foleni ile hawakujua kuandika. Kwa hiyo alipotuita ofisini kwake, kwenye ile sofa iliyokuwa na kitambaa cha krosheti juu ya kila kiegemeo, nilijua kinachopimwa si mashine tu. Didier alikuja na karatasi nzuri iliyochapwa. Alikuwa amechukua maswali yote ya mwezi yaliyopata jibu, akatafuta wastani: chini ya sekunde moja. Na ilikuwa kweli! Majina ya Butembo, ya Mahagi, majina adimu, yote yalijibiwa kabla hujakohoa, na hayo yaliushusha wastani. Mkurugenzi akavua miwani, akasema, "Basi shida iko wapi? Sekunde moja ni nzuri." Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Muzee, wastani hausimami kwenye foleni. Anayesimama ni Mama Lotsove. Na wastani wako haukumugusa hata siku moja."

Didier akasema, "Ona sasa." Mkurugenzi akanitazama kama mtu anayeona kiti kimezungumza. Kisha akasema, si kwa ukali, "Weye unajua dawa? Ingia mu chumba ya masini, ujaribu leo leo." Hapo ndipo nilipolisema lile neno, na mpaka leo sijui nililitoa wapi. "Hapana, Muzee. Siigusi masini. Nipe siku tatu za karatasi, gishe zikiwa wazi, na kisha unipe umeme wa Jumamosi moja." Alifikiri, akagonga meza kwa miwani yake. "Jumamosi moja," akasema. "Ikishindikana, Jumatatu nafunga gishe, na sitaki kusikia tena habari ya kina Ngabu."

Siku tatu zile ninazikumbuka kama watu wanavyokumbuka harusi. Sikukaa na mashine, nilikaa nyuma ya makarani na kusikiliza jinsi watu wanavyouliza. Niliandika maswali kama yalivyotoka midomoni. Yalikuwa mengi, lakini ukiyatazama yalikuwa swali moja lililovaa nguo tofauti: jina hili, kijiji hiki, umri kati ya huu na huu, nipe mahali alipo. Kwa hiyo kadi yangu ingeanza na jina, halafu kijiji, kwa sababu hivyo viwili mtu anavijua kwa hakika. Baada yake mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu huo ni wa kukisia, na kitu cha kukisia kikikaa mbele kinavuruga mpangilio wa vyote vilivyo nyuma yake; mwaka ungewekwa mbele ya kijiji, Ngabu wa Fataki wangetawanyika katika kila mwaka. Na mwisho kabisa wa kadi nikaandika mahali alipo, kazi yake na tarehe aliyoandikishwa, ili mashine isiinuke kitini hata mara moja. Ingefika kwa kina Ngabu wa Fataki, wamekaa pamoja kama familia mezani, isome makumi machache ya kadi zinazofuatana, imalize. Nikahesabu. Mruko mmoja, miwili, tuseme mitatu kwa hofu. Sikuhesabu jina rahisi, nilihesabu baya kuliko yote, kwa kijiji kikubwa kuliko vyote, madirisha yote matatu yakiuliza pamoja. Haikufika nusu ya sekunde. Nikahesabu tena, nikitafuta mahali nilipojidanganya. Kadi nene zinajaza diski. Na diski haikuwa na nafasi ya faharasa yangu nene pamoja na ya zamani. Ya zamani ingepaswa kufutwa kwanza. Maana yake umeme ukikatika katikati, Jumatatu tungeamka bila faharasa yoyote, na hata majina adimu yangekosa jibu. Hilo nalo nililiandika, nikampelekea mkurugenzi ajue. Kujenga kungechukua, kwa hesabu yangu, saa mbili na dakika ishirini. Tulikuwa na mafuta ya saa tatu.

Jumamosi asubuhi nilibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha mashine kabla grupu haijawashwa: Ngabu, Fataki, chini ya sekunde moja. Kujenga, saa mbili na dakika ishirini. Nikatia sahihi. Shefu Didier alipita, akaisoma, akachukua biki yangu mkononi mwangu akaandika chini yake: Amina. Makarani wakacheka sana, na mimi nikacheka. Tukafuta ya zamani. Tukaanza. Saa ya kwanza ikapita vizuri. Saa mbili na dakika ishirini zikafika, mashine bado inasaga. Dakika arobaini. Hamsini. Nilikuwa nimehesabu kusoma na kuandika. Sikuhesabu kwamba kumbukumbu ya mashine ni ndogo, na kwamba ingepanga kadi vipande vipande, ikiviandika kwenye diski na kuvisoma upya. Hilo lilikuwa kosa langu peke yangu. Didier, kwa heshima yake, hakucheka tena. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, shati limeloa. Saa tatu zikafika. Grupu haikuzimika. Nikatoka nje mbio. Papa Kambale alikuwa amekalia dumu, anakunywa chai. "Nilisoma ile karatasi yako ya ku mulango jana, ikiwa ku meza, kabla hujaibandika," akasema. "Nikaongeza lisaa limoja juu." "La nini, Papa?" "La kiburi chako, mama. Kila fundi iko nayo. Nimelikata ku mafuta ya Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu mutafanya haraka."

Ilimalizika robo saa baadaye. Didier aliniachia kiti. Nikaandika Ngabu, nikaandika Fataki, nikaandika miaka, nikabonyeza. Jibu lilikuwa pale kabla sijaondoa kidole. Karani wa gishe ya kwanza akasema, "Haiwezekani, rudia." Nikarudia. Nikawatazama Ngabu wa Fataki wa umri ule, wako tisa, wote na kambi zao na kazi zao, na furaha ikanitoka yote kwa mara moja, kwa sababu niliona tarehe ambazo waliandikishwa.

Mama Lotsove alirudi Jumanne. Nilimsomea mmoja baada ya mwingine. "Mulimaji." "Hapana." "Mwalimu." "Bwana yangu mwalimu? Asome nini!" Wa tano: "Fundi wa baiskeli, iko kwa familia moja kule Tchomia." Akashika ukingo wa dirisha. "Iko na jina gani ya baba yake?" Nikasoma. Hakulia. "Ni yeye," akasema. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Aliandikwa lini?" Nikamwambia: miezi minne iliyopita. Akahesabu kwa vidole, na mimi nilijua anahesabu nini. Mara yake ya kwanza kuja kwetu ilikuwa miezi mitatu iliyopita. "Basi mara zote sita alikuwa humo ndani," akasema. "Ndiyo, Mama." "Na mulipiga muhuri." "Ndiyo." Alikunja ile fomu kwenye mikunjo yake, akaiweka kifuani. Alikuwa na haki ya kunitukana, nilingoja anitukane. Badala yake akageuka, akaitazama foleni, akanirudia. "Na wale wengine wenye muliambia haiko, wakaacha kuja?"

Nakala za fomu zao zilikuwa kwenye makatoni chini ya meza ya faili, tulipokuwa tunaweka miguu wakati wa kula. Niliomba ruhusa ya kuziuliza upya zote. Shefu Didier alinivuta pembeni. "Zawadi, umeshashinda. Ukifungua ile makatoni unaua ofisi. Watasema tulidanganya watu." Nikamwambia, "Tulidanganya watu." Mkurugenzi alisema tuangalie mbele, ya nyuma ni ya nyuma, na hakuna mafuta ya kazi ya zamani. Lakini sekunde moja haihitaji mafuta. Kati ya mtu mmoja dirishani na mwingine, wakati anakunja mwavuli wake au kumfunga mtoto mgongoni, niliingiza fomu moja ya katoni. Makarani wengine wawili waliniona, na siku ya pili nao wakawa na rundo lao pembeni. Wengine hawakuwepo kweli, na hapo muhuri ulikuwa wa haki. Wengi walikuwepo. Ijumaa nilibandika orodha ukutani nje, jina la aliyetafuta tu, na kwamba aje dirishani kuna jibu. Juu yake nikaandika: Tuliwaambia hawapatikani. Tulikosea.

Mkurugenzi alikuja kabla ya chakula. Watu walikuwa wamesongamana ukutani, wanaojua kusoma wanawasomea wasiojua, mmoja ameshaanza kukimbia kwenda kumwita dada yake. Alisoma, akaniita kwa kidole. "Orodha ibaki," akasema polepole. "Ondoa neno la juu. Tulikosea, uondoe." Nilimpa biki. "Lifute weye, Muzee, mbele yao." Alisimama na biki ile mkononi, akaangalia ile migongo yote iliyosongamana. Nilidhani siku ile ndiyo yangu ya mwisho pale. Mzee mmoja kwenye foleni akamwambia kwa upole, "Papa, jongea kidogo, unafunika jina." Mkurugenzi akajongea. Akanirudishia biki, akaenda kula. Gishe hazikufungwa. Juma lililofuata fomu mpya zilitoka zikiwa na kisanduku cha tatu: mashine haikujibu, na mtu asiondoke.

Didier, pale kwenye kilio, alisema nilikuwa na bahati. Labda. Bahati ya mafuta, bila shaka. Lakini nimeona mashine tano zikipita tangu ile, kila moja mbio kuliko iliyotangulia, na kila mara nimekuta mahali fulani ndani yake mtu mwenye jina la kawaida anaambiwa hayuko, na ofisini kuna mtu mzuri, aliyesoma, ameshika wastani mkononi. Sibishani nao tena kwa maneno. Ninawapa karatasi. Nawe nakupa hiyo hiyo. Kabla hujajenga chochote, kaa chini uandike swali la mtu atakayengoja kuliko wote, kwa jina lake. Hesabu ni mara ngapi mashine italazimika kuruka ili imjibu. Gawa kwa mia, au kwa kipimo cha diski uliyo nayo. Kama sekunde unazopata ni nyingi kuliko ambazo wewe ungekubali kusimama juani, futa mpango wako, uanze karatasi nyingine.